Majirani Sita, Bahari Hakuna: Somo la Diplomasia ya Chad



Katika darasa letu la Jumamosi baada ya Alasiri kuna swali linalorudi kila tukigusa habari za dunia: je, nchi masikini inaweza kuwa na sera ya nje ya kwake yenyewe, au inatumwa tu na wakubwa? Wengi wetu hapa Bujumbura hujibu haraka kwamba inatumwa. Mimi nasomea uhusiano wa kimataifa, na jibu hilo haliniridhishi, maana likishatolewa mjadala unakufa. Hatuulizi tena inatumwa na nani, kwa bei gani, na ni lini ilikataa kutumwa.

Kwa hiyo somo la toleo hili ni nchi moja tu, Chad. Nimeichagua kwa sababu inafanana nasi kuliko tunavyodhani. Haina bahari, ina askari wengi kuliko fedha, imezungukwa na vita vya wengine, na imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati. Zaidi ya hayo, Waislamu ni zaidi ya nusu ya watu wake, na jirani zake wawili waliomsumbua zaidi, Libya na Sudan, ni nchi za Waislamu vilevile. Hivyo ugomvi wao hauelezeki kwa yale maneno mepesi ya "sisi na wao" tunayoyapenda kwenye vikundi vyetu vya simu.

Tuanze na ramani. Chad ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,284,000. Burundi yetu ingeingia humo mara 46. Inapakana na Libya, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni, Nigeria na Niger. Mji mkuu, N'Djamena, hauko katikati ya nchi. Uko pembeni kabisa, kwenye mto Chari, na ukivuka daraja uko Kousseri, Kameruni. Sisi tunaotoka mjini na kufika mpaka wa Gatumba kabla chai haijapoa tunaielewa hali hiyo. Bandari inayowahudumia zaidi ni Douala, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka N'Djamena, nayo ni ya Kameruni. Bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 2003 linatoka visima vya Doba, kusini mwa Chad, likikata Kameruni yote hadi pwani ya Kribi, karibu kilomita 1,070. Mfikirie mtu ambaye mlango wake wa kutokea uko ndani ya sebule ya jirani. Aprili 2023, baada ya Chad kutaifisha mali za mafuta zilizokuwa za kampuni ya Kimarekani, ilizozana na Kameruni hata ikamwita balozi wake arudi nyumbani kwa mashauriano. Lakini kumwita balozi ndiko ilikoishia, mpaka haukufungwa. Anayepanga foleni ya mafuta hapa mjini akisubiri malori ya kutoka Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa twende kaskazini, maana huko ndiko kuna kisa ninachotaka tukae nacho kwa muda.

Kwenye mpaka wa Chad na Libya kuna ukanda wa jangwa na milima uitwao Aouzou, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 114,000. Watu wake ni wachache, wengi ni Watubu, na kwa macho ya mgeni ni mchanga na mawe tu. Mwaka 1973 majeshi ya Libya yaliingia na kukaa. Kanali Gaddafi alisema ni ardhi ya Libya. Hoja yake ya kwanza ilikuwa makubaliano ya mwaka 1935 kati ya Pierre Laval wa Ufaransa na Mussolini wa Italia, ambayo yangeusogeza mpaka kusini. Makubaliano hayo hayakupata kukamilishwa kisheria, maana hati za kuyaridhia hazikubadilishwa. Yaani kiongozi aliyejitangaza adui wa ukoloni alishika karatasi ya Mussolini isiyokamilika ili apate kipande cha nchi ya Waafrika wenzake.

Ilivyokuja kuwa baadaye mnajua kwa sehemu. Chad ilikuwa inachanika yenyewe kwa vita vya ndani, na kila kundi lilikuwa na mlezi wake nje. Januari 1981 Gaddafi na Goukouni Oueddei, aliyekuwa akitawala N'Djamena, walitangaza kwamba nchi zao mbili zitaungana. Nchi nyingi za Afrika zilishtuka. Hissène Habré alishika madaraka 1982 akiungwa mkono na Marekani, na Ufaransa nayo ikaingia kumlinda, japo utawala wake ulikuja kuwaua maelfu ya raia wake. Mwaka 2016 mahakama maalumu ya Kiafrika huko Dakar ilimhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1987 wapiganaji wa Chad, wakiwa juu ya magari madogo ya Toyota yaliyofungwa silaha, waliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru na ndege, kwanza Fada, halafu Ouadi Doum. (Miongoni mwa maafisa wa Libya waliotekwa Ouadi Doum alikuwamo Khalifa Haftar, huyuhuyu mnayemsikia leo kwenye habari za Libya.) Septemba mwaka huo vita vilisimama.

Watu wengi wanaposimulia kisa hiki huishia kwenye magari ya Toyota, maana yanasisimua. Mimi nadhani sehemu iliyo muhimu kwa mwanafunzi inaanzia hapo. Chad ilikuwa imeshinda mapigano mengi, lakini ukanda wenyewe wa Aouzou ulibaki mikononi mwa Libya. Ingefanya nini? Kuendelea kupigana kungeifilisi. Agosti 1989, mjini Algiers, nchi hizo zilisaini mkataba wa mfumo: zijitahidi kumaliza ugomvi kwa mazungumzo ndani ya mwaka mmoja, na zikishindwa ziupeleke kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mwaka ukapita, mazungumzo hayakuzaa kitu, na mwaka 1990 kesi ikafika mahakamani.

Kisha Desemba 1990 Habré akapinduliwa na Idriss Déby, aliyetokea Darfur na ambaye alikuwa amepata msaada wa Libya. Tulia hapo kidogo. Mtu ameingia ikulu kwa msaada wa Gaddafi, na mezani kwake kuna kesi dhidi ya Gaddafi. Ukifuata ile kanuni ya "wanatumwa tu", kesi ingefutwa wiki ileile. Haikufutwa. Serikali mpya iliwaacha wanasheria waendelee kwa miaka mitatu na zaidi, huku ikiishi kwa amani na Libya. Hiyo kwangu ndiyo diplomasia: kujua ni kipi cha kumpa aliyekusaidia na ni kipi hakitolewi kwa sababu si chako binafsi.

Mahakamani Libya haikudai Aouzou pekee. Ilidai kwamba hakuna mpaka wowote uliowahi kuwekwa kwa mkataba, na kwamba ardhi kubwa kuelekea kusini ilikuwa yake kwa urithi: urithi wa watu na tarika ya Sanusiya, wa dola ya Uthmaniya, na wa Italia. Hoja ya Sanusiya inawagusa sana wanafunzi wa Kiislamu ninaozungumza nao, kwa sababu ni kweli kwamba zawiya za Sanusiya zilienea hadi maeneo hayo na wafuasi wake walipigana na Wafaransa. Lakini tazama mambo yanavyopindana. Mkuu wa tarika hiyo alikuwa Mfalme Idris, ambaye Gaddafi mwenyewe alimpindua mwaka 1969. Na ni serikali ya Mfalme Idris iliyosaini na Ufaransa, tarehe 10 Agosti 1955, mkataba wa urafiki na ujirani mwema. Libya ilikuwa na haja yake siku hiyo: ilitaka askari wa Ufaransa waondoke Fezzan. Katika ibara ya 3 ya mkataba huo pande mbili zilikubali kwamba mipaka yao ni ile inayotokana na hati za kimataifa zilizokuwa zikitumika siku Libya ilipopata uhuru, na orodha ya hati hizo ikaambatanishwa.

Hukumu ilitoka tarehe 3 Februari 1994, majaji 16 dhidi ya mmoja, Chad ikashinda. Mahakama haikuhitaji kuchimba nani alichunga ngamia wapi mwaka 1900. Ilisema mkataba wa 1955 unatosha: hati zilizoorodheshwa zinachora mpaka, na Libya ilizikubali kwa saini yake. Mkataba ule ulikuwa wa miaka 20, na mtu angeweza kusema kwamba 1975 ulikwisha na mpaka ukaisha nao. Mahakama ilikataa. Mpaka ukishawekwa kwa mkataba unabaki hata kama mkataba wenyewe umefikia mwisho. Ukisoma sheria ya kimataifa popote duniani utakutana na kesi hii kwa sababu ya nukta hiyo, na kila nchi ya Afrika yenye mpaka uliochorwa na mkoloni, yaani karibu zote, inalala usingizi mzuri zaidi kwa sababu yake.

Gaddafi alitii. Watu husahau hilo kwa kuwa halilingani na sura tuliyompa. Majeshi ya Libya yalianza kuondoka Aprili 1994, na hadi mwisho wa Mei ukanda ulikuwa umekabidhiwa, kikundi kidogo cha waangalizi wa Umoja wa Mataifa kikishuhudia. Hakukuwa na jeshi la kulazimisha. Wanaosoma sira watakumbuka Hudaybiya, na Abu Jandal aliyerudishwa kwa Maquraishi akiwa na minyororo yake kwa kuwa ahadi ilikwisha kutolewa, na masahaba walivyoumia. Neno lililosainiwa lina uzito hata pale linapokuuma.

Lakini nisiwapambie Chad, maana nchi hiyohiyo iliyookolewa na karatasi imewahi kuiweka karatasi kando. Ili tuelewe, twende mashariki.

Vita vya Darfur vilipoanza 2003, Chad na Sudan ziliingia katika mchezo mchafu ambao nchi za Maziwa Makuu hatuwezi kusema hatuujui: kila mmoja akawasaidia waasi wa mwenzake. Aprili 2006 waasi waliotokea upande wa Sudan walifika hadi ndani ya N'Djamena kabla ya kurudishwa nyuma. Agosti mwaka huohuo Chad ikafanya jambo lililoonekana halihusiani kabisa: ikavunja uhusiano na Taiwan, uliokuwapo tangu 1997, na kurudi Beijing. Kwa nini? Tazama nani alikuwa akinunua mafuta ya Sudan na nani alikuwa na kura ya turufu katika Baraza la Usalama. China ndiyo iliyokuwa ngao ya Khartoum. N'Djamena ilihesabu kwamba ni afadhali iwe rafiki wa mlinzi wa adui yake kuliko kubaki na Taiwan, ambayo hata kiti katika Umoja wa Mataifa haina. Faida haikuja mara moja. Februari 2008 waasi walirudi na kuizingira ikulu, na Déby aliponea chupuchupu. Lakini urafiki wenyewe ulizaa: kampuni ya taifa ya mafuta ya China ikaingia, na mwaka 2011 kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Djarmaya, kaskazini mwa mji mkuu.

Suluhu na Sudan ilikuja Januari 2010. Februari Déby alikwenda Khartoum, nchi zikakubaliana kuacha kuwalea waasi na kuunda kikosi cha pamoja cha kulinda mpaka, na kikosi hicho kikafanya kazi kweli. Julai Omar al-Bashir akaja N'Djamena kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Sahel na Sahara. Hapo ndipo penye mtihani. Bashir alikuwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Chad ni mwanachama wa mahakama hiyo. Ilikuwa na wajibu wa kumkamata. Ilimpokea kwa heshima zote na akarudi kwao.

Nimelijadili hili na wenzangu mara nyingi, na hatukubaliani. Upande mmoja unasema mkataba ni mkataba, na walioteketezewa vijiji Darfur, Waislamu wa watu, walistahili haki. Upande wa pili unasema ukimkamata jirani uliyepatana naye miezi mitano iliyopita, kesho yake vita vinarudi na watakaouawa ni haohao wa Darfur na wa mashariki ya Chad. Mimi naelemea upande wa pili, lakini kwa shingo upande, na siwezi kumwambia mtu wa upande wa kwanza kwamba amekosea. Ninachokataa ni kusema Chad ilifanya hivyo kwa udugu wa Kiislamu. Udugu huo haukuonekana 2006 wala 2008.

Na kwa kuwa tumegusa udugu, hebu tuseme la Palestina, maana najua mnalisubiri. Chad ilivunja uhusiano na Israel mwishoni mwa 1972, chini ya Rais Tombalbaye, ambaye hakuwa Mwislamu. Alikuwa na waasi wa FROLINAT waliopata msaada wa Libya, na alitaka Libya iwaache. Gaddafi alitaka Israel ifukuzwe. Bei ikalipwa, urafiki ukasainiwa, na mwaka uliofuata Libya ikaingia Aouzou. Januari 2019 Déby, Mwislamu, alimpokea Netanyahu N'Djamena na uhusiano ukarudishwa. Februari 2023 mwanawe Mahamat, aliyemrithi, akaenda mwenyewe kufungua ubalozi. Novemba mwaka huohuo, mabomu yakiwa yanaianguka Gaza, Chad ikamwita kaimu balozi wake arudi nyumbani. Wanafunzi hutaka kuipigia makofi 1972 na kuilaani 2019. Kwangu mimi hesabu ya miaka hiyo miwili ilikuwa ileile ya silaha, fedha na waasi. Ni Novemba 2023 tu ndiyo ninayoiona ina kitu zaidi, kwa sababu sioni Chad ilipata nini kwa kufanya vile, ila kwamba watu wake walikuwa wakitazama.

Ya Ghuba niyapitie haraka. Agosti 2017 Chad ilifunga ubalozi wa Qatar ikiituhumu kuivuruga kupitia Libya, wakati uleule Saudia na wenzake walipokuwa wakiisusia Qatar. Februari 2018 wakapatana. Agosti 2022 ni Doha hiyohiyo iliyowakusanya watawala wa mpito wa Chad na makundi zaidi ya 40 yakasaini makubaliano ya amani, ingawa FACT, lile kundi ambalo Idriss Déby alikufa akipambana nalo Aprili 2021, lilikataa. Miaka mitano, kutoka kufunga ubalozi hadi kuombana wenyeji. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda.

Ufaransa je? Hili ndilo linaloshangiliwa zaidi kwenye simu zetu, basi tulipime. Askari wa Ufaransa walikuwapo Chad karibu muda wote tangu uhuru wa 1960. Februari 2019 ndege zao zilishambulia msafara wa waasi uliotoka Libya, kwa ombi la Déby. N'Djamena ilikuwa makao makuu ya operesheni yao ya Sahel tangu 2014. Halafu tarehe 28 Novemba 2024, saa chache baada ya waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa kuondoka, Chad ikatangaza kuwa inavunja mkataba wa ulinzi. Kambi ya mwisho ilikabidhiwa tarehe 30 Januari 2025. Tofauti na Mali, Burkina Faso na Niger, hapakuwa na matusi, balozi hakufukuzwa, na Chad haikujiunga na muungano wa nchi hizo tatu. Ilifunga mlango mmoja taratibu ikiacha dirisha wazi. Wakati huohuo Rais alikuwa amekwisha kwenda Moscow Januari 2024, na bunge la Hungaria (ndiyo, Hungaria) lilikwisha kuidhinisha kutuma askari wapatao 200. Anayesema Chad "imejikomboa" na anayesema "imehamia kwa Urusi" wote wanaharakisha. Naona nchi inayotaka wateja wengi ili asiwepo mmoja wa kuipangia bei.

Sarafu yake kuu katika biashara hiyo ni askari. Walipigana Mali 2013 katika milima ya Ifoghas, walivuka mpaka 2015 kupigana na Boko Haram ndani ya Nigeria, na damu hiyo iligeuka kuwa viti. Chad ilikaa katika Baraza la Usalama 2014 na 2015. Tarehe 30 Januari 2017, Addis Ababa, waziri wake wa mambo ya nje, Moussa Faki Mahamat, alichaguliwa kuongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika baada ya duru saba za kura, akimshinda Amina Mohamed wa Kenya. Majirani zetu wa Nairobi hawakuamini: nchi yenye uchumi mdogo hivyo! Lakini Faki alikuwa na wanaozungumza Kifaransa, na wanaozungumza Kiarabu, na ukanda mzima wa Sahel. Februari 2025 Kenya ilijaribu tena na Raila Odinga, na baada ya duru saba nyingine akashinda Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, nchi nyingine ya Kifaransa na Kiarabu. Wenzetu mnaoacha darasa la Kiarabu baada ya wiki tatu, mfikirie.

Faki akiwa kwenye kiti hicho, Aprili 2021, Idriss Déby alikufa na baraza la kijeshi likamweka mwanawe. Umoja wa Afrika, ambao uliisimamisha Mali mwaka huohuo, haukuisimamisha Chad. Sitasema zaidi.

Nimeacha kwa makusudi jambo la sasa liwe la mwisho. Tangu Aprili 2023 Sudan inaungua. Watu wa Darfur walikimbilia mpakani, na Chad ikafungua. Adré, mji mdogo wa mpakani, ulijikuta na wakimbizi wengi kuliko wenyeji. Waliovuka kuingia mashariki ya Chad ni mamia ya maelfu, juu ya wale waliokuwa huko tangu vita vya 2003. Nchi isiyo na maji ya kutosha kwa watu wake iliwapokea. Wale mlioona mwezi Februari 2025 Wakongo wakivuka Rusizi na watoto mgongoni kuingia kwetu Cibitoke mnajua maana ya kufungua mpaka huku ghalani hakuna kitu.

Lakini kaskazini ya Adré kuna mji mwingine, Amdjarass, wenye uwanja wa ndege. Serikali ya Sudan inaituhumu Chad kwamba uwanja huo ulitumika kupitishia silaha za Falme za Kiarabu kwenda kwa wapiganaji wa RSF, ambao ndio hao wanaowafukuza watu kuelekea Adré. Chad inakanusha, Falme za Kiarabu zinakanusha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa katika ripoti yao ya mapema 2024 waliziona tuhuma hizo kuwa za kuaminika. Desemba 2023 nchi hizo mbili zilifukuziana wanadiplomasia. Na Wazaghawa, kabila la familia inayotawala N'Djamena, wako pande zote mbili za mpaka, na ni wao waliokuwa wakiuawa El Fasher, mji ulioangukia mikononi mwa RSF Oktoba 2025.

Kama tuhuma ni za kweli, basi mkono mmoja unamfungulia mkimbizi na mwingine unampitishia risasi anayemkimbiza, na fedha ya Ghuba iko katikati. Kama si za kweli, Chad inasingiziwa na jirani aliyezoea kuisingizia. Ushahidi ninaouona unanielekeza kwenye la kwanza, na hapo siwezi kutumia ile huruma niliyoitumia kwa mwaka 2010. Wakati ule Chad ilivunja wajibu ili vita visimame. Safari hii ingekuwa inavunja ujirani ili vita viendelee.

Jumamosi ijayo, inshallah, tutalijadili hili. Atakayetetea upande wa N'Djamena aje na majibu ya maswali mawili: bila fedha za Ghuba mishahara ya serikali ingelipwa na nani, na je, Sudan ya 2008 isingefanya vivyo hivyo? Atakayepinga aje na mkataba wa Januari 2010 na aonyeshe ni ibara gani imevunjwa. Mwenye ramani kubwa ya Sahel aibebe, ile ya ukutani pale maktaba haionyeshi Adré.